Ufaransa: Wapenzi watatu wa nyota wagundua wingu ambalo darubini kubwa hazikuliona

Karibu na mji wa Nancy, mashariki mwa Ufaransa, Yann Sainty alielekeza darubini yake kwenye galaksi ya Andromeda usiku baada ya usiku mwaka 2022. Si mtaalamu wa nyota kwa kazi. Anapiga picha za anga kwa sababu anapenda. Na Andromeda ni kati ya vitu vinavyopigwa picha zaidi mbinguni, kwa hiyo hakuna aliyetazamia kitu kipya hapo.

Lakini Sainty na wenzake wawili, Mjerumani Marcel Drechsler na Mfaransa Xavier Strottner, walikuta katika picha hizo kitu kama upinde hafifu wa rangi ya buluu, pembeni mwa galaksi. Urefu wake mbinguni unakaribia mara tatu ya upana wa mwezi mpevu. Haukuwa katika ramani yoyote.

Anayejua kazi hii hafurahi haraka. Alama ya namna hiyo inaweza kuwa mwanga wa nyota unaorudishwa na kioo, au kosa la kompyuta. Ndiyo sababu wapenzi wengine wa nyota waliombwa kupiga picha sehemu ileile, kutoka mahali pengine na kwa vyombo vingine. Upinde ukaonekana tena. Mnamo Januari 2023 ugunduzi ulichapishwa katika jarida la chama cha wanaastronomia cha Marekani, na wataalamu kama Robert Fesen wa chuo kikuu cha Dartmouth wakatia majina yao pamoja na ya hao wapenzi. Kitu hicho kikapewa jina SDSO-1, kutokana na majina ya familia ya wale watatu.

Je, ni namna gani darubini ndogo, yenye kioo cha milimita 106 tu, iliona kile ambacho zile kubwa zilikosa? Darubini kubwa huona sehemu ndogo sana ya mbingu kwa mara moja. Upinde mpana namna hii unazipita pembeni. Tena wakati wake una bei kubwa, na wataalamu wanaugombania. Mpenzi wa nyota hana anayemfukuza.

Sainty aliweka mbele ya kamera kichujio kinachopitisha karibu mwanga wa oksijeni peke yake. Wengi waliomtangulia walitafuta mwanga wa hidrojeni, na humo upinde hauonekani. Darubini inakaa juu ya mota inayofuata mwendo wa nyota, na kila picha inaweza kuchukua hata dakika kumi. Kisha kompyuta inazipanga mamia ya picha moja juu ya nyingine: makosa madogo yanafutana, mwanga wa kweli unajikusanya. Kwa picha hii zilihitajika zaidi ya saa 100. Ukihesabu mawingu, baridi na usiku wenye mwezi, hizo ni wiki nyingi.

Vyombo hivyo si vya mfuko wa kila mtu, tuseme ukweli. Hata hivyo Drechsler na Strottner walikuwa wamekwisha kugundua mawingu mengine ya gesi kwa kuchungua tu picha za zamani ambazo vituo vya utafiti vinaacha wazi kwa watu wote.

Mwezi wa tisa 2023, picha yao ilishinda tuzo kuu ya mpiga picha wa anga, inayotolewa na kituo cha Greenwich, Uingereza, pamoja na pauni 10,000. Swali kubwa limebaki la wataalamu: upinde uko kwa Andromeda, mbali kiasi cha miaka milioni 2.5 ya mwendo wa mwanga, ao uko karibu na sisi? Tafiti za baadaye zinaelekeza zaidi ndani ya galaksi yetu wenyewe.

Upinde huo hauonekani kwa macho. Andromeda yenyewe inaonekana, hata Kivu. Katikati ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu usiku, mkaaji wa Goma atazame kaskazini, upande wa Nyiragongo, katikati ya upeo na utosi: ni doa jeupe, dogo kama moshi. Ni lazima mvua iwe imenyamaza. Umeme ukiwa umekatika, ni vizuri zaidi.