Bato ikikuwa nyumba: hewa, moto na maji ya chini

Watu wengi wa kwetu Sange na bonde lote la Ruzizi, wakienda kutafuta dhahabu upande wa Fizi ao kazi kule Kalemie, hawamalizi safari kwa gari. Wanashuka Uvira, wanafika bandarini Kalundu, wanapanda bato ya mbao yenye moteri ya mazutu. Mama anabeba sufuria, bidoni ya maji, matela iliyokunjwa, mtoto mgongoni. Upepo ukichafuka, safari ya usiku moja inageuka siku mbili ao zaidi. Bato inakuwa nyumba. Lakini siye tunauliza tu bei ya tiketi na saa ya kuondoka. Hatuulizi tutalala fasi gani.

Tuanzie chini. Hakuna bato ya mbao isiyovuja kabisa. Katikati ya mbao mafundi wanagongomea pamba iliyolowa mafuta, na pamba ile inaoza, inatoka, inafaa kurudishwa kila bato inapovutwa inchi kavu. Maji yanayoingia yanatekwa. Sasa mwenye bato akirundika magunia mpaka hakuna anayeweza kufika chini, nani atajua maji yamepanda? Mchimbaji anaelewa: ni shimo ambalo pompi imezimika. Mbao za kulalia ziwe za kuinuliwa kwa mkono, na fasi ya kuteka maji isifunikwe na mzigo hata kidogo.

Hewa ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu haionekani. Moshi wa moteri unabeba gazi inayoitwa CO, haina harufu wala rangi. Ni ileile inayoua wachimbaji pale watu wanapoingiza moteri ya pompi ndani ya shimo. Usiku ziwani kuna baridi, familia zinapenda kulala karibu na moteri, kuko joto. Mvua inanyesha, bashi inashushwa pande zote. Hapo mmejenga shimo juu ya maji. Acheni pande mbili wazi, mbele na nyuma, hata mkilowa kidogo. Na mbabula isiingizwe chini ya bashi kupasha watoto joto: makala yanayofifia yanatoa gazi ileile, hata kama moshi hauonekani. Kichwa kikiuma watu wengi kwa mara moja, na kichefuchefu, wengi wanasema ni mawimbi. Watoeni kwenye upepo. Wakianza kupata nafuu, fikirieni moteri mbele ya kulaumu ziwa.

Juu ya moto, Sange haihitaji mwalimu. Tarehe 2 Julai 2010 lori ya mafuta ilianguka hapa kwetu, ikawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Barabarani upepo unaweza kuutawanya. Ndani ya bato unashuka chini kwenye mbao na kukaa pale, ukingojea kiberiti. Kwa hiyo bidoni za esansi zikae nje, zimefungwa vizuri, mbali na mbabula na wavuta sigara. Mbabula yenyewe iwekwe ndani ya sanduku ya bati yenye mchanga. Kwa maoni yetu, afadhali kupika nyumbani na kubeba ugali na ndagala vimeiva. Maji ya kunywa pia yatoke nyumbani, yamechemshwa. Kolera ya Uvira na Baraka tunaijua, na kuko watu wanaojisaidia ziwani palepale wengine wanapoteka.

Kuko wanaosema bato ikizeeka haifai kuhangaikiwa. Watazame Liemba, ile ya upande wa Kigoma. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walipaka moteri grisi nyingi. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, na vyumba vya kulala ndani. Grisi tu, wandugu!

Yabaki jile za kuokoa. Mara nyingi zinafungiwa kwenye sanduku, eti zisichafuke. Tarehe 3 Oktoba 2024 bato Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku pale Goma, mchana, watu wakitazama kutoka ukingoni. Kama karibu hivyo watu walikufa kwa makumi, usiku katikati ya Tanganyika nani atatafuta ufunguo wa sanduku? Jile ikae mwilini; na ukishindwa kulala nayo, basi iwe mto wa kichwa chako. Ya mtoto iwe ya kipimo chake, kamba ikipita katikati ya miguu, kwa sababu ya mkubwa inamponyoka. Mbele ya kulipa, mwombeni kapiteni awaonyeshe hizo za watoto, mzihesabu.