Sura ya Tano: Jina la Duka

Mji wa Keroka umekatwa na mpaka. Upande mmoja ni Kaunti ya Kisii, upande wa pili Nyamira, na swali la nani awatoze wachuuzi ushuru limewahi kuzigombanisha serikali hizo mbili. Mkazi wa Keroka anayetafutia mtoto basari lazima ajue yuko kaunti gani. Kwenye kandanda hana haja. Siku ya mechi makanga hupakia kwenda Kisii mjini, vuvuzela zikitokeza madirishani, na kelele ni moja tu: Tore Bobe! Timu ni Shabana.

Mipaka huchorwa upya, lakini mashabiki hawahami nayo. Ndiyo maana jina la timu au la mashindano linapaswa kuchaguliwa kwa kuangalia watu watakaolibeba kuliko ramani iliyopo. Shabana ilianzishwa mwaka 1980, na jina lake ni la duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Mwaka huohuo serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa ikipiga vita vyama vya kikabila, na klabu nazo zikaguswa. Luo Union ikageuka Reunion. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na AFC ikaelezwa kuwa All Footballers Confederation: herufi zilezile za Abaluhya FC, maelezo mapya. Ujanja mzuri, ingawa hakuna shabiki wa Leopards aliyesahau anatoka wapi. Shabana haikuwa na la kubadilisha. Jina la duka halikutaja kabila, wala wilaya, wala mto.

Faida yake ilionekana baadaye. Wilaya ya Kisii ya zamani iligawanywa, kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti: Kisii namba 45, Nyamira namba 46. Timu ambayo ingejiita kwa jina la wilaya ingelazimika kuamua ni ya nani. Shabana iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 nje, walioshangilia walitoka pande zote mbili.

Michezo ya shule za sekondari ilifuata njia nyingine. Mikoa ilikufa na katiba ya zamani, lakini mabingwa wa Kisii na Nyamira bado hukutana na wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kuwania ubingwa wa Nyanza. Hakuna tena mkuu wa mkoa, lakini kombe lipo, na kombe la Nyanza lina uzito kwa sababu ya wapinzani waliolikosa. Ukilivunja leo na kuwapa Wakisii kanda yao, utawapunguzia safari na kuwanyima watani.

Marekani nao wameona kwamba jina hudumu hata hesabu ikibadilika. Big Ten, shirikisho la michezo ya vyuo vikuu, lilipompokea mwanachama wa 11, Penn State, mwaka 1990, halikugusa jina. Nembo ndiyo iliyochorwa upya, tarakimu 11 ikifichwa kati ya herufi. Tangu 2024 lina vyuo 18 na bado linaitwa Kumi. Pac-12, lililohesabu wanachama wake kwa uaminifu, lilibaki na wawili mwaka huohuo.

Kwa hiyo ningemwonya yeyote anayeshika rangi na nembo ya Shabana: pokea msaada wa kaunti, lakini usichore ngao ya kaunti kifuani mwa jezi. Gavana hakai zaidi ya mihula miwili, na siku ngao ya Kisii itakaposhonwa pale, shabiki wa Nyamira ataanza kuuliza yake iko wapi. Wenye uwanja walilielewa. Ule uliokarabatiwa kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2020, uko Kisii mjini, lakini langoni unaitwa Gusii, jina la watu wa kaunti zote mbili.