Kuchagua Mashine ya Kunyolea Manyoya ya Mbuzi wa Maziwa

Manyoya marefu yanayozunguka kiwele cha mbuzi hunasa kinyesi, matope na vipande vya majani, na wakati wa kukamua uchafu huo hudondokea ndooni. Kwa sababu hiyo mfugaji wa mbuzi wa maziwa, awe Mgeta katika milima ya Uluguru, ambako mbuzi wenye asili ya Norway wamefugwa tangu miaka ya 1980, au penginepo nchini, hufanya vyema kuyapunguza. Mkasi huweza kufanya kazi hiyo, lakini mbuzi akishtuka ncha yake hujeruhi ngozi nyororo. Jeraha la kiwele hufungua njia kwa vijidudu vya ugonjwa wa kiwele, na maziwa ya mbuzi anayeugua ugonjwa huo hayafai kuuzwa. Mashine iliyochaguliwa vizuri hupunguza hatari hiyo. Iliyochaguliwa vibaya huiongeza.

Tofauti na mashine ya saluni

Mashine ya kinyozi imetengenezwa kwa nywele za binadamu, na kwa kawaida hutumika kwa muda mfupi kwa kila mteja. Manyoya ya mbuzi ni mazito zaidi, yamechanganyika na vumbi, na mwili wake ni mkubwa. Mashine ya saluni hupata joto upesi, visu vyake huwa butu, kisha huanza kuvuta manyoya badala ya kuyakata. Kwa mbuzi mmoja na kiwele pekee inaweza kutosha. Mwenye mbuzi kadhaa atafute mashine ya mifugo yenye injini imara na visu vinavyotolewa na kubadilishwa. Mashine ya kukatia sufu ya kondoo nayo si mbadala, kwani meno yake mapana yameundwa kwa sufu nene na huweza kukata ngozi ya kiwele.

Soma maandishi ya umeme

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee huandikwa volti 120, na ikichomekwa moja kwa moja katika soketi zetu huungua. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 haina tatizo hilo. Anayenunua mashine ya betri aulize mambo matatu: hufanya kazi kwa dakika ngapi chaji ikijaa, huchajiwa kwa muda gani, na betri ikichoka itapatikana wapi.

Namba za visu

Visu vya mashine nyingi za wanyama huwa na namba, na namba ikiwa kubwa zaidi manyoya hubaki mafupi zaidi. Namba 10 huacha takriban milimita 1.5, kiasi kinachofaa kwa kiwele. Namba 40 huacha takriban robo ya milimita, na hutumiwa na madaktari wa mifugo kabla ya upasuaji. Kwa kazi ya kawaida huiacha ngozi wazi mno. Kabla ya kununua, hakikisha visu vya akiba vinapatikana. Mashine isiyo na vipuri haina maisha marefu.

Mafuta, joto na usafi

Tumia mafuta mepesi ya mashine za kunyolea. Mafuta ya kupikia hugandamana na kuzuia visu kusogea. Wakati wa kazi, zima mashine kila baada ya dakika chache na ugusishe visu mgongoni mwa mkono. Vikikuunguza wewe, vitamuunguza mbuzi pia. Anayeazimana mashine na jirani asafishe visu na kuvitia dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuhamia zizi jingine, kwa kuwa magonjwa ya ngozi na majipu ya tezi huweza kuenezwa na vifaa vichafu.

Haki za mlaji dukani

Omba mashine iwashwe mbele yako. Isikilize kwa dakika mbili au tatu: isitoe mlio wa kukwaruza wala harufu ya kuungua. Dai risiti ya kielektroniki, na dhamana iandikwe ikitaja muda na sehemu zinazohusika. Dhamana ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Basi ukiuziwa mashine ya nywele za binadamu kwa maelezo kwamba ni ya mifugo, au ukiuziwa bidhaa bandia, usikate tamaa kwa kuona maneno "mali ikishauzwa hairudishwi". Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na mashine yenyewe. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani.

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Hata hivyo, bei kubwa peke yake si uthibitisho wa ubora. Maandishi ya umeme, namba ya visu, vipuri na risiti ndivyo vya kukaguliwa kabla fedha hazijatoka mkononi.