Chatu Mchanga Akigoma Kula

Watu waliotoka kununua chatu mchanga huniuliza swali moja kuliko yote: mbona hali? Panya amewekwa mbele yake, nyoka anamtazama kidogo, kisha anageuza kichwa na kurudi kujikunja pembeni. Wiki ya kwanza inapita hivyo, ya pili nayo inapita, na mwenye nyoka anaanza kukosa usingizi.

Ninayemzungumzia hapa ni Python regius, chatu mdogo ambaye makazi yake ya asili yanaanzia Senegal hadi Uganda. Si yule chatu wetu mkubwa wa kumeza swala. Huyu akikomaa huwa na urefu wa mita moja hadi moja na nusu hivi. Ghana, Togo na Benin zimewauza nje kwa wingi kwa miaka mingi, na leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Marekani na Ulaya. Kinga yake kuu ni kujificha. Akitishwa hujiviringa akawa kama mpira, kichwa kikiwa katikati. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu kwa sehemu kubwa, maana nyoka mwenye hofu hawazi chakula.

Kwa hiyo anza na boksi analoishi kabla ya panya. Chatu hajitengenezei joto la mwili. Akipoa, tumbo halisagi, na akilazimika kula atatapika. Upande mmoja wa boksi uwe na nyuzi joto 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Hita lazima iwe na thamostati, kwani bila hiyo inaweza kumbabua ngozi ya tumbo. Weka maficho mawili, moja kila upande, na yawe ya kumbana: mgongo na mbavu ziguse kuta. Porini mchana kutwa hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, kwa hiyo boksi kubwa la kioo lililo tupu kwake ni uwanja wa hatari. Unyevu wa asilimia 60 hivi unatosha, na maji safi yasikosekane.

Kisha mwache. Wiki nzima usimshike, wala usiwaitie watoto wa jirani waje kumwona. Najua hili ndilo gumu kuliko yote.

Jioni ya kumlisha, punguza taa. Chagua panya mchanga aliyeanza kuota manyoya, unene wake usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Kama ametoka kwenye friza, myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha mtie ndani ya mfuko na uuchovye kwenye maji ya moto hadi mwili wake uwe na joto la panya aliye hai, hasa kichwani. Kwenye midomo ya chatu kuna matundu madogo yanayohisi joto. Gizani hayo humwongoza, na panya wa baridi hamshtui. Mshike panya kwa koleo refu, kichwa kikitangulia, umsogeze karibu na mlango wa maficho, umtikise kidogo, kisha tulia. Ulimi utaanza kutoka na kuingia haraka. Shingo ikijikunja umbo la S, usipumue kwa nguvu, yuko tayari. Akisharuka na kumbana, funika boksi uondoke. Usimshike kwa saa 48.

Akikataa, mwache panya mlangoni hapo usiku, asubuhi mtoe umtupe. Usijaribu tena kesho yake. Subiri siku tano hadi saba. Kumsumbua kila siku ndiko kunakozaa mgomo wa miezi. Macho yakiwa na ukungu, anakaribia kujivua gamba, nawe ahirisha. Muulize aliyekuuzia alikuwa akimpa nini, kwani aliyezoea panya hai huenda asimtambue aliyekufa. Ila usimwache panya mkubwa aliye hai peke yake na nyoka: panya huyo huweza kumtafuna hadi mfupa uonekane.

Ipo mbinu moja ninayoipenda. Wafugaji wa ng'ambo hufuga panya wa jamii ya Mastomys kwa ajili ya chatu wagumu, kwani hao wana asili ya Afrika kama chatu mwenyewe. Ni ndugu wa panya shamba wanaomaliza mahindi ya wakulima wetu Morogoro. Mara nyingi hata harufu yao, ikipakwa kwenye panya wa kawaida, humfungua nyoka hamu.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Kitoto chenye nyama hustahimili wiki kadhaa bila chakula. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, uti wa mgongo ukijitokeza, au pumzi ikitoa mluzi na ute mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua nyoka. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari huyo, si yako.

Na kama unasoma haya ukiwa Kenya au Tanzania, kumbuka chatu ni mnyamapori anayelindwa kisheria. Kumfuga kunahitaji kibali, na wa kuokota porini huja na minyoo na hofu tele. Huyo mwache alipo.