Darasa la Machungani: Kwa Nini Ubongo Hujifunza kwa Kutenda

Katika jamii ya Wabarabaig wa Getanuwas, wilayani Hanang, mtoto hakabidhiwi ng'ombe siku ya kwanza. Huanza na ndama na mbuzi, karibu na boma, mahali ambapo akiita anasikika. Akiwamudu hao, huongezewa. Miaka inapita, naye anajikuta yuko mbali na nyumbani, Mlima Hanang ukiwa alama yake ya kujua upande, na mali ya ukoo mzima ikiwa mbele ya fimbo yake. Jioni mwulize kama kundi limetimia. Hahesabu. Anatupa jicho mara moja, kisha anakwambia ni yupi hayupo: yule mwekundu mwenye pembe iliyoshuka.

Wengi tutasema ni mazoea. Lakini mazoea hayatoshi kuwa jibu, kwani kuna watu wanaowaona ng'ombe kila siku ya maisha yao na wasiweze kuwatofautisha. Kwa hiyo kuna kitu mchungaji hukipata ambacho mtazamaji hakipati.

Mwaka 1963 watafiti wawili wa Marekani, Richard Held na Alan Hein, walilipima jambo hili kwa paka wachanga. Waliwalea gizani, kisha kwa saa chache kila siku wakawaweka wawili wawili kwenye chombo kinachozunguka. Mmoja alifungwa mshipi, akawa anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Mwenzake aliketi ndani ya kisanduku upande wa pili, akizungushwa na hatua za yule wa kwanza. Wote wawili waliona kuta zilezile, kwa mwanga uleule, kwa muda uleule. Walipopimwa, aliyetembea alijua kina: alikwepa ukingo wa shimo, na alinyoosha mguu alipokaribia kutua mezani. Aliyebebwa hakuyaweza hayo. Macho yake yalikuwa mazima. Ni kwamba hayakuwahi kuunganishwa na kitendo chake mwenyewe. Alipoachiwa atembee kwa uhuru penye mwanga, baada ya siku mbili naye akawa sawa.

Siri iko katika ubashiri. Kabla mguu haujatua chini, ubongo umeshatoa amri na umeshakisia nini kitafuata: ardhi itakuwa ngumu, mwili utayumba kiasi fulani. Serebela, ile sehemu iliyo kisogoni, husaidia kulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea. Vikilingana, ubongo hauna haja ya kubadilika sana. Vikitofautiana, mawasiliano kati ya seli za neva hurekebishwa. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Paka aliyebebwa hakutoa amri yoyote, hivyo hakuwa na ubashiri wa kusahihisha.

Mrudie sasa mtoto wa Getanuwas na mbuzi wake kando ya shamba la mahindi. Anakisia kwamba yule beberu wa mbele atapinda kushoto, kwa hiyo anasimama kushoto. Beberu anachepuka kulia, anaingia shambani, na mwenye shamba anakuja juu. Kesho mtoto huyo atasimama mahali pengine. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na wanasayansi wa ubongo hawana la kupinga.

Kwamba jambo hili linahusu pia elimu ya darasani, lilionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na kundi la Sian Beilock, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Chicago. Wanafunzi walikuwa wakijifunza fizikia ya vitu vinavyozunguka. Baadhi walishika kwa mikono ekseli yenye magurudumu ya baiskeli yanayozunguka, wakaiinamisha huku na huku. Wengine walitazama tu wenzao wakifanya. Walioshika walifanya vizuri zaidi katika mtihani, na picha za ubongo zilionyesha kwamba walipokuwa wakifikiria majibu, maeneo yanayohusika na misuli na hisia za mwili yaliamka. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: chomoa gurudumu la mbele la baiskeli, shika ekseli pande zote mbili, mwenzako alizungushe kwa kasi, kisha jaribu kuligeuza. Litavuta mikono yako kwenda upande ambao hukuutarajia. Hesabu za nguvu hiyo zinaweza kujaa ubao, lakini ukishaihisi mara moja viganjani, zile hesabu zina mahali pa kukaa.

Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, kuna somo jingine la fizikia lisilo na ubao: uhunzi. Hii ni kazi ya koo maalumu, na kijana huirithi akiwa amekaa kwenye mvukuto, akipuliza moto huku mkubwa wake akifua. Vyuma chakavu, misumari, makufuli na mabomba ya shaba huingia motoni, na hutoka vikuku, visu na vichwa vya mishale. Mhunzi hana kipimajoto. Chuma kikiwa chekundu kilichofifia, kimefika karibu nyuzi 700 za Selsiasi. Kikiwa cha rangi ya chungwa, kiko karibu 950. Kikielekea njano, kimepita 1,000. Lakini kanuni hiyo ina mtego. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, yaani kabla haijawa na wekundu wa kuonekana mchana. Anayesubiri rangi atashtukia sufuria yake imekuwa uji. Mwenye kukaa kwenye mvukuto analijua hilo, maana ameshaharibu kazi kwa kuisubiri rangi hiyo.

Maarifa ya namna hii yana udhaifu mmoja mkubwa: asiyeyatenda hayaoni. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano yapatayo ekari 100,000 katika nyanda za Basotu, humuhumu Hanang. Machoni pa wapangaji, nyanda zile zilikuwa ardhi isiyotumika vya kutosha. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig, alikuja kuonyesha kwamba lilikuwa eneo la malisho bora, ambalo wafugaji hulitumia kwa msimu na kulipumzisha, katika mzunguko unaounganisha nyanda hizo, mlima na kingo za maziwa. Nyanda zilipoondolewa, mzunguko wote uliyumba. Wataalamu walikuwa na ramani. Walichokosa ni kushauriana na wenye nyayo katika nchi ile.

Hata hivyo, tusije tukaigeuza mikono kuwa miungu. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walionya kwamba mwanafunzi mgeni akiachwa agundue kila kitu peke yake, akili yake huelemewa na anajifunza kidogo. Wafugaji hawakuhitaji onyo hilo. Ndama kwanza, ng'ombe baadaye. Mvukuto kwanza, nyundo baadaye. Kazi hupimwa kulingana na uwezo, na mkubwa yupo karibu wa kueleza kwa nini mambo yameharibika.

Kujifunza kwa vitendo pia hakuna raha. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Harvard lililochapishwa mwaka 2019, wanafunzi waliotatua maswali wenyewe darasani walipata alama za juu kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara unaotiririka humpa msikilizaji hisia ya kuelewa. Kuhangaika na swali humpa hisia ya kushindwa. Hisia zote mbili zinadanganya.

Tanzania imelijadili hili kwa muda mrefu. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji. Katika shule nyingi shamba hilo liligeuka kazi ya kuchosha, pengine adhabu, na sababu yake sasa tunaielewa: mwanafunzi aliyepewa jembe bila swali hana ubashiri wowote wa kusahihisha. Analima, anatoka jasho, anarudi na ujinga wake. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeanzisha mkondo wa amali katika sekondari. Karakana, mashine na mashamba ya shule vitahitajika, lakini havitatosha.

Mwalimu, kabla wanafunzi hawajamwaga tindikali, hawajapanda mbegu wala kuwasha saketi, waambie kwanza waandike wanachodhani kitatokea. Waache wafanye. Kisha wakae waeleze kwa nini walikosea. Hilo halihitaji bajeti wala maabara mpya, na bila hilo maabara mpya itazalisha watazamaji waliovaa makoti meupe.