Vita Vinapofika Hadi Kwenye Seli: Jeni za Watoto wa Masisi

Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika wilaya ya Walikale, mashariki ya Kongo, na baada ya siku chache moto wa mapigano ulikuwa umevuka vilima na kuingia Masisi. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa amepita miaka 30, na huenda ana watoto wake mwenyewe. Kibabi, kwenye vilima vya koltani ambako Masisi inapakana na Walikale, ni miongoni mwa sehemu ambazo watu wa umri wake hawajui amani ya kudumu. Makundi yenye silaha yamebadilisha majina, lakini njia ya wanaokimbia ni ileile: kushuka hadi Sake, kisha Goma, mtoto mgongoni, godoro kichwani, na mara nyingi mimba tumboni.

Wazee wa Kivu, kama wa kwingineko Afrika, hukataza mjamzito kutishwa. Kwa muda mrefu watu wa hospitali walilichukulia katazo hilo kuwa mila tu. Leo ipo sayansi inayolichunguza kwa makini, na moja ya tafiti zake zinazotajwa sana ilifanyika kwa damu ya akina mama na watoto wa mashariki ya Kongo.

Jeni ileile, kazi tofauti

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna uzi wa DNA ambao ukinyooshwa unafikia kama mita 2. Uzi huo umefichwa ndani ya kiini ambacho upana wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Ili uenee humo, umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni nane hushikamana na kuwa kijidonge, DNA hukizunguka karibu mara mbili, kisha huendelea hadi kijidonge kingine, mamilioni kwa mamilioni. DNA na protini zake zikiwa pamoja huitwa kromatini.

Fikiria mama anayeuza vikwembe Birere, Goma. Robota lake lina maua ya kila aina, lakini mteja huona yale tu yaliyokunjuliwa. Jeni nazo ziko hivyo. Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zilezile, zipatazo 20,000. Tofauti ni kwamba kila moja imekunjua zile inazozihitaji na kuziacha nyingine zimekunjwa.

Kazi ya kukunja na kukunjua hufanywa na protini nyingine. Zipo zinazobandika kwenye histoni kemikali ndogo iitwayo asetili. Histoni ina chaji chanya na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo zinavutana. Asetili ikibandikwa, mvuto hupungua, uzi hulegea, na mitambo ya seli hupata nafasi ya kuisoma jeni. Zipo pia protini zinazobandua asetili hiyo. Zikifanya kazi yao, uzi hukaza tena na jeni hunyamaza. Kundi jingine hubandika methili kwenye histoni, na hapo matokeo hutegemea mahali: sehemu moja huamsha jeni, sehemu nyingine huizima. Nyingine hutumia nishati ya seli kusogeza vile vijidonge pembeni.

Methili hubandikwa pia kwenye DNA yenyewe, na ikibandikwa mwanzoni mwa jeni mara nyingi huizima. Protini kama MeCP2 huitambua alama hiyo, huishikilia, na kuwaita wabanduaji wa asetili waje kukaza uzi mahali hapo. Kwa njia hiyo jeni inaweza kuwa nzima kabisa, haina kasoro hata moja, na bado isifanye kazi.

Mwanasayansi Vincent Allfrey wa New York alipendekeza mwaka 1964 kwamba alama kwenye histoni zinaweza kuongoza kazi ya jeni. Wengi hawakumjali. Mwaka 1996 ndipo maabara ya David Allis, ikitumia kiumbe kidogo cha majini chenye seli moja, ilipoitambua protini inayobandika asetili, na mwaka huohuo maabara ya Stuart Schreiber ikaipata inayobandua. Kuanzia hapo somo hili likashika kasi.

Damu ya kitovu, Goma

Connie Mulligan, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitaka kujua kama shida kali za mjamzito huacha alama kwenye jeni za mtoto. Mwenzake, Nicole D'Errico, aliketi na wanawake waliojifungulia Goma na kuwasikiliza. Maswali hayakuwa ya vita peke yake. Yaligusa pia shida za kila siku, ubakaji na kufukuzwa makwao. Kisha ikachukuliwa damu ya mama na damu ya kitovu cha mtoto.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kinamama walikuwa 25, na watoto wao 25. Jeni iliyopimwa huitwa NR3C1. Kazi yake ni kutengeneza kipokezi cha kortisoli, homoni ambayo mwili huimwaga mtu anapokumbwa na hofu. Kipokezi hicho ndicho kinachouwezesha ubongo kutambua kwamba homoni imetosha, ili mwili utulie. Jeni hiyo ikizimwa, vipokezi hupungua, na hofu inaweza kuchukua muda mrefu kuondoka hata hatari ikiwa imepita.

Kadiri mama alivyokuwa amepitia makali zaidi ya vita, ndivyo mtoto wake alivyozaliwa na uzito mdogo zaidi, na ndivyo methili ilivyokuwa nyingi zaidi mwanzoni mwa NR3C1 ya mtoto. Kwa akina mama wenyewe uhusiano huo haukuonekana. Mshtuko aliupata mama, lakini alama ilisomeka kwa aliyekuwa tumboni. Ni jambo linaloeleweka, kwa sababu miezi ya mimba ndiyo wakati ambao seli za mtoto zinapanga jeni zipi zifunguliwe na zipi zifungwe. Mwaka 2016 Darlene Kertes, Mulligan na wenzao walipanua uchunguzi hadi kwenye kondo la nyuma na jeni nyingine tatu za mfumo huohuo wa hofu, na huko pia wakakuta alama zinazoendana na dhiki za mama.

Ng'ambo ya mpaka, utafiti wa Nader Perroud na wenzake wa mwaka 2014 uliwalinganisha wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 na wenzao wa kabila hilohilo waliokuwa nje ya nchi. Walionusurika, pamoja na watoto wao waliokwisha kuwa vijana, walikuwa na methili nyingi zaidi kwenye NR3C1.

Chakula nacho kimo

Methili haitoki hewani. Mwili huitengeneza kwa msaada wa vitamini, ikiwemo folati iliyomo kwenye maharagwe na mboga za majani kama lengalenga. Nchini Gambia watafiti walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto waliotungwa mimba wakati wa mvua na wale wa kiangazi hutofautiana katika alama za methili kwenye baadhi ya jeni, kulingana na virutubisho vilivyokuwa kwenye damu ya mama wakati huo. Masisi ni nchi ya maharagwe, viazi na maziwa. Mama anayeshindwa kufika shambani kwa kuogopa watu wenye bunduki anapoteza shibe, na pamoja nayo anapoteza malighafi ambayo protini hizi huitumia.

Dawa pia hufika kwenye protini hizi. Valproate, dawa ya kifafa ambayo wengi Kongo huijua kwa jina la Depakine, huzuia protini zinazobandua asetili. Inajulikana pia kwamba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeitumia na anayetarajia mimba azungumze na daktari mapema. Asiiache ghafla peke yake, kwa maana kifafa chenyewe nacho ni hatari.

Alama inayobanduka

Hapa ndipo msomaji anapoweza kukosea. Mtu akisikia kwamba vita huandika alama kwenye jeni, atadhani watoto wa Masisi wamekwisha kuharibiwa. Utafiti hausemi hivyo. Watoto 25 ni wachache. Damu iliyopimwa si ubongo. Uzito mdogo huletwa pia na malaria, upungufu wa damu na mizigo mizito. Alama nyingi za aina hii hufutwa mwanzoni kabisa mwa maisha ya kiinitete, na habari ya kuzirithisha kwa wajukuu, ingawa utafiti wa Mulligan na wenzake kuhusu familia za Syria uliochapishwa mwaka 2025 umeipa uzito, bado inahitaji ushahidi zaidi.

Isitoshe, protini zinazobandika zina wenzao wanaobandua. Mwaka 2004 Ian Weaver, Michael Meaney, Moshe Szyf na wenzao wa Montreal, Kanada, walichunguza panya. Watoto wa panya ambao mama zao waliwalamba kidogo katika juma la kwanza la maisha walikuwa na methili nyingi na asetili chache kwenye jeni hii hii ya kipokezi cha kortisoli, na walipokua walikuwa waoga. Walipohamishiwa kwa mama mlezi anayewalamba sana, alama zilifuata malezi, hazikumfuata aliyewazaa. Hata panya waliokwisha kukua, walipopewa dawa inayozuia wabanduaji wa asetili, jeni iliamka na namna yao ya kukabili hofu ikabadilika. Panya si binadamu, na hakuna anayependekeza dawa hiyo kwa watoto wa Masisi. Lakini jaribio hilo lilionyesha kwamba kilichofungwa kinaweza kufunguliwa.

Kwa hiyo hesabu ya vita haiishii kwenye idadi ya waliouawa na nyumba zilizochomwa. Inawafikia hata ambao hawajazaliwa. Hesabu ya huduma nayo haiishii kwenye kumtoa mtoto salama. Kliniki ya wajawazito inayofanya kazi hata wakati wa mapigano, vidonge vya madini na folati, mahali pa kulala pasipotisha, mtu wa kumsikiliza mama aliyebakwa, mkono wa bibi au shangazi wa kumpokea mtoto: hivi vyote ni kinga ya mtoto, kama ilivyo chanjo.

Wanaopanga misaada ya Masisi na Walikale wamweke mjamzito wa kwanza kwenye orodha, tangu miezi ya mwanzo ya mimba, wasingoje siku ya kujifungua. Walioshika silaha na wanaozungumzia amani kwa niaba yao wajue kwamba kila mwezi wa kuchelewa unamfikia mtoto aliye tumboni. Na sisi majirani, tusimwite mtoto aliyezaliwa vitani majina ya kumtenga. Jeni zake ni nzima. Anachohitaji ni utulivu, chakula na watu wa kumlea.