Siki Kali, Siki Halisi

Ukinunua samaki na chipsi hapa London, usishangae kuambiwa kuwa chupa ya kahawia iliyo mezani si ya siki. Soma lebo: maji, asidi asetiki, rangi. Mwaka 1950, katika kesi ya Kat v Diment, mahakama iliamua kwamba kiungo cha namna hiyo kisiuzwe kwa jina la siki, kwani siki hutokana na kuchachusha.

Wenzetu wa kemia watasema: si tupime tu? Haya, tupime. Tunachukua mililita 10 za siki na kuongeza maji hadi zitimie 100. Kwa pipeti tunahamisha mililita 25, tunatia matone mawili ya fenolftaleini, kisha tunafungulia bireti yenye sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1, tone kwa tone, huku tukitikisa. Rangi ya waridi hafifu ikija na isipotee, tunafunga. Siki yenye gramu 5 za asidi katika kila mililita 100 itakula takriban mililita 20.8. Ikila 15 tu, lebo imesema uongo, na pengine mtu amezidisha maji.

Lakini bireti huhesabu asidi. Haiulizi asidi gani, wala imetoka wapi. Kwa maoni yetu, wanaoliita jibu lake “usafi” wa siki wanaharakisha. Kilichopimwa ni ukali. Uhalisi ni habari nyingine.

London inalijua hilo zamani. Katika karne ya 19 baadhi ya siki ilitiwa asidi salfuriki, na kwenye titresheni asidi hiyo nayo huhesabiwa. Daktari Arthur Hill Hassall alichunguza siki na vyakula vingine vingi, na ripoti zake zikatoka katika jarida la The Lancet kuanzia 1851 hadi 1854, pamoja na majina na anwani za wauzaji (fikiria hofu madukani!). Watengenezaji walijitetea kwamba asidi hiyo huzuia siki isiharibike.

Kuifichua kunahitaji bariamu kloraidi: siki iliyoghushiwa hivyo hugeuka nyeupe kama tui. Kile kiungo cha chipsi hakitanaswa hata hapo, maana asidi yake ni asetiki kweli. Kwa hicho maabara hutafuta kaboni-14: asidi iliyotengenezwa kwa gesi au mafuta ya ardhini haina, ya shayiri iliyochachushwa inayo.